Baridi ya Wengine

Penseli, si kalamu ya wino. Hilo ndilo la kwanza ninalowaambia vijana kila Januari tunapokutana gatini kabla jua halijachomoza. Wino ukiingiwa na umande huenea, na idadi ya bata ikishageuka doa la buluu hakuna wa kutuambia walikuwa wangapi. Wenzangu wana darubini shingoni na macho makali. Mimi, mwalimu mstaafu wa miwani, nina kibao cha kuandikia, karatasi yenye majina ya ndege wa maji, na penseli mbili zilizochongwa ncha zote. Wao hutaja, mimi huandika. Nimekuwa karani wa ndege wa Ziwa Naivasha tangu 1994.

Tuko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo saa kumi na mbili asubuhi Januari ina baridi yake. Ukungu umelala juu ya maji, viboko wanakoroma ndani yake bila kuonekana, na nahodha wetu amevaa kofia ya sufu hadi kwenye nyusi. Lakini hii ni baridi ya kupita; ikifika saa nne kila mtu amevua koti. Baridi iliyotukusanya hapa ni nyingine, ambayo sijawahi kuionja: ile inayogandisha mabwawa ya Urusi na kuyafanya matope ya Skandinavia kuwa magumu kama saruji. Ndege anayekula kwa kuchomeka mdomo kwenye tope hana la kufanya huko. Anahama. Baadhi yao wanakuja kwetu.

Hesabu yenyewe nayo ilizaliwa huko huko kwenye baridi. Ulaya waliianza mwaka 1967, wakachagua Januari kwa sababu rahisi: katikati ya majira ya baridi ndege wa maji hawako safarini. Walioondoka wameshafika, wanaorudi hawajaanza kurudi, kila mmoja ametulia mahali pake na anahesabika. Kenya tulianza 1991, wataalamu wa Makumbusho ya Taifa wakishirikiana na Shirika la Wanyamapori na watu wa kujitolea, wakaenda ziwa baada ya ziwa katika Bonde la Ufa. Mimi niliingia baadaye kwa bahati tu. Wageni wawili kutoka Nairobi walifika shuleni wakiuliza kama kuna mwalimu mwenye mwandiko wa haraka unaosomeka, na mwalimu mkuu akaninyooshea kidole. Siku hiyo sikuweza kumtofautisha mnandi na mbizi.

Kazi si ngumu kama watu wanavyodhani, ila inataka utulivu. Kundi kubwa halihesabiwi mmoja mmoja. Unahesabu kumi, unaushika ukubwa wa hao kumi machoni, kisha unalipima kundi zima kwa kipimo hicho, kama mama wa sokoni anavyopima maharagwe kwa gorogoro. Wakiruka kabla hujamaliza, unaanza upya bila kulaani. Na asiyeonekana haandikwi, hata kama kila mtu botini anajua yuko mle ndani ya mafunjo.

Kwetu mimi si wa kwanza kuhesabu ndege. Baba alizihesabu kabla yangu, ila zake zilikuwa na injini. Kuanzia 1937 hadi 1950, ndege kubwa za Waingereza zinazotua majini zilitumia ziwa hili, abiria wa Nairobi wakashukia hapa. Zilitoka Southampton, zikavuka Bahari ya Kati, zikaufuata Mto Nile kupitia Misri na Khartoum hadi kwenye maziwa yetu. Baba alikuwa kijana wa boti. Kazi yake ilikuwa kusafisha njia, yaani kufukuza viboko na mwari kabla ndege haijagusa maji, kisha kudaka kamba. Alisimulia kwamba mlango ukifunguliwa walitoka watu wenye makoti mazito, wakaanza kuyavua wakiwa bado kwenye boti yake, na boti nzima ikanuka dawa ya nondo. Kwa miaka yake yote baba aliamini kwamba hiyo ndiyo harufu ya baridi.

Nilipokuja kuona ramani ya njia za ndege wahamao, nilicheka peke yangu. Wengi wao nao huja kwa Nile. Kiswahili kimewapa wote jina moja, na sarufi ndiyo inayowatenganisha: zile za baba zilitua, hawa wangu wametua. Za baba ziliacha kuja ndege za nchi kavu zilipochukua abiria wake. Hawa wangu walikuwa wakija kabla ya Southampton kujengwa.

Tunaanza na upande wa mafunjo. Kijana wa darubini anataja bila kugeuka: "Mnandi, sita. Yangeyange mkubwa, wawili. Kwarara, kumi na mmoja. Furukombe, mmoja, mkubwa, juu ya mgunga." Ninaandika. Nahodha anamtazama yule furukombe kwa huzuni kidogo. Siku za kawaida angempigia mbinja na kumrushia samaki, tai akashuka na kumnyakua majini mbele ya kamera za watalii. Siku ya hesabu ni marufuku, kwani tai aliyeitwa kutoka upande wa pili anaweza kuandikwa mara mbili.

Tai huyo yumo kwenye kila kadi ya posta ya Naivasha, na kila anayemwona humdhania ndiye mwenye ziwa. Huenda ndiye. Lakini chakula chake ni cha kuletwa. Ziwa hili halikuwa na samaki wa maana zaidi ya kasamaki kamoja ka urefu wa kidole, ambako hakajaonekana tangu 1962. Tilapia waliletwa kuanzia miaka ya 1920. Samaki wa Marekani mwenye kinywa kipana aliletwa mwishoni mwa miaka hiyohiyo, ili walowezi wapate wa kuvua kwa ndoano Jumapili. Uvuvi wa nyavu wa biashara ulifunguliwa 1959. Mwaka 1970 wakaletwa kamba wekundu wa maji baridi, asili yao Louisiana. Huyo ndiye mgeni aliyekula hadi mkeka wa mwenyeji.

Nilipokuwa mtoto, ghuba za upande wa kusini zilifunikwa na yungiyungi, maua ya buluu yaliyofumbuka jua likipanda. Tulikuwa tunatazama sile-maua, ndege wa vidole virefu kama matawi, akitembea juu ya majani yake kana kwamba maji si kitu. Kamba hukata mashina na kula machipukizi. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 yungiyungi walikuwa wamekwisha, na majani yaotayo chini ya maji yakafuata, yakawa yanarudi na kupotea kwa zamu. Kukuziwa, yule mweusi mwenye bapa jeupe usoni, anakula majani hayo. Miaka yakiwepo nimemwandika kwa maelfu. Miaka yasipokuwepo, kisanduku chake kwenye karatasi yangu kina tarakimu zinazotosha vidole vya mkono. Msomaji asiyejua lolote kuhusu kamba wa Louisiana angeweza kuwagundua kwa kusoma mstari wa kukuziwa peke yake.

Ikikaribia saa sita nahodha anaanza kutazama mbinguni. Mchana upepo huteremka kutoka milimani na ziwa linabadilika kwa dakika chache. Maji yaliyokuwa kioo yanakuwa vilima. Wamaasai walilijua hilo ndipo wakaliita Enaiposha, maji yanayochafuka kwa mawimbi, na Wazungu wakalikunja neno likawa Naivasha. Daktari wa Kijerumani, Gustav Fischer, alifika mwaka 1883 na Wamaasai wakamzuia asiendelee mbele. Mwaka huohuo akaja Joseph Thomson, Mskoti. Alivuka nchi ya Wamaasai akiandamana na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani aliyezijua njia hizo kabla yao wote wawili.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Naivasha mgeni alikuja, mwenyeji akahamishwa. Reli ilipofika karne ikianza, nyasi za kando ya ziwa zilionekana kuwa ardhi isiyo na mtu, ingawa zilikuwa zimelishwa ng'ombe kwa vizazi. Kwa mkataba wa 1904 Wamaasai waliondolewa hapa, wengine wakapelekwa Laikipia na wengine kusini. Mwaka 1911 mkataba wa pili ukawatoa na waliokuwa Laikipia. Walowezi waliochukua nafasi yao walikuwa wametoroka baridi ya kwao, wakapenda miinuko hii kwa sababu ilikuwa na jua bila joto kali. Walihitaji mikono ya kulima. Babu yangu alitoka Murang'a, akaja kuwa skwota: siku za kazi kwa mzungu, na kipande cha shamba cha kupanda mahindi yake. Kwa hiyo ninaposema "kwetu Naivasha", ninajua ninachosema na ninajua nani angeweza kunikatiza.

Mchana tunaacha boti na kuzunguka mashambani kwa gari la kukodi. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda, na vijana wanaipenda kidogo kwa sababu kuna vumbi. Ndege hawajui mpaka wa ziwa na shamba. Maji ya ziwa yakipungua, tope hufunuka na vijuja vya Siberia hujaa ufukweni. Yakipanda, tope huzama na ndege hao huhamia kwenye malisho yaliyofurika, mabwawa ya mashamba, hata madimbwi ya barabarani. Ukiwatafuta pale walipokuwa mwaka jana utaandika sifuri, na sifuri hiyo itakuwa uongo.

Tunasimama kwenye shamba la lusini linalomwagiliwa, ng'ombe wa maziwa wakila. Miguuni mwao kuna vindege vyembamba vya manjano vinavyotikisa mkia bila kupumzika. Ninamwomba kijana darubini. Kimoja kimesimama kidogo tu mbele ya kwato ya ng'ombe mwekundu. Ng'ombe anainua mguu, nzi wanafumka kutoka kwenye majani, kindege kinaruka shibri mbili, kinameza, kinatua palepale na mkia unaendelea. Mguu wa pili, nzi wa pili. Hakimwogopi ng'ombe, wala ng'ombe hana habari nacho. Wamezoeana kama utingo na dereva. Kindege hiki hakifikii uzito wa kipande cha sabuni ya kuogea. Januari manyoya yake bado yamefifia, lakini kufikia Machi madume watakuwa wamevaa rangi kamili, na hapo kichwa kitasema alikotoka. Wa kichwa cha manjano huzalia kwenye nyika za mto Volga na Kazakhstan. Wengine wana vichwa vya buluu, vya kijivu, vyeusi, kila rangi na nchi yake. Shamba moja la Naivasha linaweza kuwa na ng'ombe arobaini na mataifa manne chini ya matumbo yao.

Hao si ndege wa maji, kwa hiyo karatasi haiwahitaji. Ninawaandika pembeni.

Bwawani nyuma ya shamba kuna wanaohitajika: bata wa mdomo kama sepetu, na kundi la chamchanga wa shingo ndefu kutoka kaskazini ya mbali. Kwa chamchanga hao, wengi wanaofika kwetu ni majike. Madume wengi huishia kaskazini zaidi. Mwanafunzi mmoja wa kike wa chuo kikuu, aliyekuja kwa mara ya kwanza, aliposikia hivyo alisema, "Kumbe hata huko mama ndiye anayesafiri mbali kutafuta." Mama yake hufungasha waridi katika shamba la maua. Alitoka Busia.

Kutoka bwawani unaona plastiki nyeupe ya mashamba hayo iking'aa hadi jicho linachoka. Kilimo cha maua kilianza hapa karibu na 1970, kampuni ya Kidenmark ikitangulia, na kufikia miaka ya 1980 na 1990 kikawa ndicho kazi ya mji. Sababu ni ileile ya ndege. Ulaya inapoganda, kupasha joto nyumba ya kuoteshea waridi ni gharama kubwa. Hapa jua linafanya kazi hiyo bure mwaka mzima na maji yako ng'ambo ya ua. Hivyo kila Januari njia moja ya angani inatumika pande mbili. Mbayuwayu wamekuja kusini kukimbia baridi, na maua yanakwenda kaskazini kuituliza, malori ya baridi yakipakiwa usiku kuwahi mnada wa Uholanzi na Siku ya Wapendanao. Nimefundisha watoto wengi waliolipiwa karo kwa tarehe 14 Februari. Tunaishi kwa baridi ya watu wengine, na sijui kama kuna mji mwingine Kenya unaoweza kusema hivyo kwa ukweli zaidi.

Deni lake nalo liko. Watu walikuja kutoka kila kona ya nchi, na kila bomba la umwagiliaji lilichota kutoka kwenye maji yaleyale ambayo mwaka 1995 yaliwekwa kwenye orodha ya Ramsar ya maeneo ya majimaji yenye umuhimu duniani. Mwaka 2009 ukame ulilishusha ziwa hadi tukatembea tulikokuwa tukipiga kasia, na Februari 2010 samaki walikufa wengi sana. Miaka kumi baadaye maji yalipanda mpaka mtaa wa Kihoto ukazama na viboko wakalala kwenye nyua za watu. Oloidien, kijiziwa cha jirani, kilikuwa kimejitenga maji yalipopungua, kikawa na magadi, heroe wakakipenda. Maji yalipopanda kiliungana tena na ziwa kubwa. Mwenye nyumba Kihoto anaona msiba. Karatasi yangu inaona tope limezama, heroe wamepungua, bata wametawanyika. Tunasema jambo moja kwa lugha mbili.

Wala nisiwatupie wageni kila kitu. Ukiinua macho mashariki unaiona Kinangop, uwanda ambao baada ya uhuru uligawanywa kwa familia zisizo na ardhi, zikiwemo za ndugu zangu. Tulipewa jembe na tukalitumia. Nyasi zile za mafungumafungu zilikuwa makao ya ndege mmoja mdogo wa kifua cha manjano, kucha ndefu, ambaye hayuko nchi nyingine yoyote isipokuwa Kenya. Wataalamu humwita Macronyx sharpei. Tulipanda viazi na kabichi juu yake. Hatukumchukia. Hatukujua kama yupo, na mtoto alihitaji kwenda shule. Leo kuna wakulima hukohuko wanaoacha kipande cha malisho bila kukilima kwa ajili yake, na ninawavulia kofia, kwa sababu ekari yangu mimi yote ina viazi.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii niliifundisha darasa la sita kwa miaka thelathini kama onyo dhidi ya uvivu. Nikiwa na penseli mkononi ziwani nimeanza kuisikia kwa sikio lingine. Karibu kila mgeni wa Naivasha alishika jembe: mlowezi, babu yangu, kamba wa Louisiana kwa namna yake, kampuni za maua. Kila mmoja alilima kitu na akaacha alama isiyofutika. Mgeni pekee anayekuja, akala, akashiba, na kuondoka bila kuhamisha jiwe ni yule wa mkia unaotikisika. Ikifika Aprili hayupo, na hapo alipokuwa utakuta kinyesi kidogo na ng'ombe yuleyule.

Jioni tunakaa kwenye kivuli cha migunga ya magome ya manjano, chai ya chupa, kila kikundi kikisoma jumla zake na mimi nikijumlisha. Ghafla kelele juu yetu: kasuku wadogo wa kijani, vichwa vyekundu, wanagombania tundu kwenye mti mkavu. Waliitwa kwa jina la Fischer, yule daktari wa 1883, lakini nchi yao ni Tanzania, kaskazini mwake, kusini ya Ziwa Victoria. Hawa wa Naivasha ni uzao wa waliotoroka vizimbani, wakachanganyika na aina nyingine ya Tanzania kiasi kwamba huwezi kumnyooshea mmoja kidole na kusema ukoo wake. Ziwa ambako Fischer alizuiwa likaishia kuwapa tundu la kutagia wenye jina lake.

Yule binti wa chuo kikuu alikuwa na karatasi ya pembeni. Akawatazama, akanitazama.

"Mwalimu, hawa niwaandike wenyeji au wageni?"

Nilifikiri juu ya mama yake na waridi, babu na jembe lake, ng'ombe wa Wamaasai waliolishwa hapa penye kiti changu. Karatasi haina safu ya swali hilo, na sikutaka awe wa kwanza kuichora.

"Wako wangapi?" nikamuuliza.

"Wanane."

"Andika wanane."